Uliza Fundi wa Mbao: unga kwenye soda, fremu zilizopinda shingo na soksi "za mianzi"

Mwangaluka wasomaji wetu. Maswali ya mara hii ni mengi na mengine yamekuja na picha za giza mpaka nimezitazama na lenzi, hivo naomba kitu kimoja kabla hatujaanza: ukinipigia picha mbao, piga kichwa chake, yani pale msumeno ulipokata mti kwa upana, usinipigie ubavu. Ubavu umepigwa randa, umepakwa vanishi, umekaa kama bibi harusi. Kichwani ndo naona umri, ubichi, kiini kilipo na nyuzi zinaelekea wapi. Kama huna kisu kikali chukua wembe mpya, lowesha kichwa kidogo kwa maji, kata kipande kisafi kama kucha, af piga picha juani. Haya twende.

*

*Shikamoo fundi. Nimefungua kibanda cha vinywaji hapa Usagara, nguzo na dari vyote mianzi ya njano niliyoikata mwenyewe kwa shangazi yangu Sengerema, nikapaka vanishi mara mbili ikawaka kama dhahabu. Miezi minne tu, asubuhi nakuta unga mweupe mezani kama sembe, na juzi umemwangukia mteja kwenye soda, akaiacha akaondoka. Usiku kukitulia unasikia kabisa krr krr krr. Jirani anasema kuna mtu ananichezea biashara, mwingine anasema mchwa. Nifanyeje? Kijana wa kibanda, Usagara.*

Marahaba mwanangu. Pole na soda. Kwanza hakuna anayekuchezea, na mchwa pia sio, mana mchwa hamwagi unga mkavu, yeye anakuja na udongo wake anajenga kinjia ukutani kabla hajala. Huyo wako ni bungua wa mianzi, kadudu ka kahawia iliyoiva, urefu milimita 3 hivi, na ukitaka kumfahamu haraka mfikirie dumuzi, yule wa mahindi ambaye wengine wanamwita Skania, coz hao ni ukoo mmoja kabisa. Dumuzi alitokea Amerika ya Kati, akaonekana kwetu kule Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kila aliyewahi kufungua gunia akakuta punje zimebaki maganda anamjua. Huyu ndugu yake anafanya hivohivo kwenye mwanzi na anachotafuta ni kilekile: wanga.

Sasa wanga umetoka wapi kwenye mwanzi? Hapo ndo watu wengi wanakosea, wanadhani mwanzi ni mti mwembamba wenye tundu katikati. Mwanzi ni nyasi, jamaa yake ni muwa na mtama na hayo mahindi yenyewe. Ukikata pingili ukatazama kichwani utaona nukta nyeusi nyingi zimetapakaa kwenye nyama nyeupe, na zile nukta zinazidi kusongamana kadiri unavyokaribia ganda. Kila nukta ni fungu la mirija ya maji na chakula, limezungukwa na nyuzi ngumu. Kwa kukadiria, nusu ya ukuta wa mwanzi ni ile nyama laini, asilimia 40 ni nyuzi na 10 ni mirija. Nyuzi ndo nguvu, ndo mana upande wa nje ni mgumu kama chuma na wa ndani unakwaruzika kwa kucha. Ile nyama ndo ghala la chakula cha mmea, na ndo hilo bungua amefungua duka ndani yake. Watu wa Iringa wanalijua ghala hilo tangu zamani: wakati wa mvua wanakata ncha ya chipukizi, wanakinga maji matamu yanayotiririka, kesho ni ulanzi. Unachokunywa ni sukari ambayo mwanzi ulikuwa unaipandisha ukue.

Kuna jaribio dogo nataka ulifanye. Nenda duka la dawa nunua iodini ya vidonda, ile ya kahawia. Kata kipande kibichi cha mwanzi wa mwaka huu na kipande cha mwanzi mzee, vidondoshee tone mojamoja kichwani, subiri kama dakika mbili. Panapogeuka bluu nyeusi pana wanga. Mimi nilifanya hivi nyuma ya karakana na vijana wangu wawili, kile kichanga kikawa cheusi kama kimepakwa wino na kile kizee kikabaki na madoa tu, na toka siku hiyo hakuna kijana wangu anayenibishia habari ya kuchagua mwanzi. Ila ile ya njano yenye mistari ya kijani kwa kweli ndo yenye wanga mwingi kuliko aina nyingi, mizuri kwa macho, mibaya kwa dari.

Umri unautambuaje? Unene hausaidii hata kidogo. Mwanzi unatoka ardhini na unene wake wa mwisho, kisha ndani ya miezi michache unamaliza na urefu (rekodi ya aina moja ni sentimita 91 kwa siku, yani ukikaa na kiti unaona). Baada ya hapo hauongezeki tena hata milimita, unachofanya ni kukomaa ndani, kuta za nyuzi zinanenepa kwa miaka 3 mpaka 5. Mchanga una maganda bado yameshika kwenye vifundo, una vumbi jeupe kama poda na rangi inang'aa. Mzee amechakaa, ana madoa ya ukungu na kuvu, ukimgonga na mgongo wa panga analia kavu. Wewe bila shaka ulichagua inayong'aa.

Na vanishi yako haikuwa na kosa, ilipakwa tu mahali ambapo haina kazi. Ngozi ya mwanzi ina nta na mchanga mchanga wa silika, haipitishi kitu, mdudu mwenyewe hapiti hapo, anaingilia kichwani ulipokata au ulipotoboa msumari. Tena mti wa kawaida una vinjia vya kulala vinavyotoka kiini kuelekea ganda, dawa inaweza kupenya kwa ubavu kidogo kidogo. Mwanzi hauna hivyo vinjia kabisa. Dawa lazima iingie kwa kichwa au kwa ndani.

Kwa hiyo fanya hivi. Mianzi inayomwaga unga shusha ichome, usiihurumie. Iliyobaki toboa tundu dogo kila pingili, upande usioonekana, kwa sirinji ingiza maji ya boraksi na asidi ya boriki, zungusha nguzo yalowe ukuta mzima wa ndani, kisha ziba kwa nta. Kipimo ni kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki kwa lita 100 za maji. Ukijenga tena kata mizee, toboa vifundo vyote kwa nondo ndefu ndani kwa ndani, loweka kwenye hayo maji ikiwa bado mibichi, wiki moja mpaka siku 10, kausha kivulini. Vaa glavu, na maji yanayobaki usimwage shambani wala ziwani, yanaua mimea. Mvua pia inaiosha hiyo dawa hivo ni ya chini ya paa tu. Wazee walikuwa wanaloweka mianzi mtoni wiki kadhaa, nayo inasaidia mana wanga unaoza unatoka, ila harufu yake ukiwa na kibanda cha vinywaji utajuta mara ya pili.

*

*Mwangaluka mzee wetu. Mimi ni mama wa Nyakato najenga kidogokidogo. Nilinunua paini, 2 kwa 4 na 2 kwa 6, muuzaji akaniapia ni kavu, fundi akapiga fremu za milango siku ileile. Wiki ya kwanza mambo mazuri. Sasa wiki ya sita milango haifungi, fremu moja imepinda kama shingo ya bata, na mbao za 2 kwa 6 zimejikunja kama vigae. Fundi anasema muuzaji, muuzaji anasema fundi. Mkosaji nani?*

Mwangaluka mama. Wote wawili, na wametumia hela yako kugombania.

Nikueleze kwanini wiki ya kwanza ulidanganyika. Mbao ya paini ni fungu la mirija myembamba sana imelala kwa urefu, kila mmoja milimita 3 hivi, mwembamba kuliko unywele. Mti ukiwa mbichi maji yako sehemu mbili, ndani ya uwazi wa mrija, na ndani ya ukuta wenyewe wa mrija. Yanayotoka kwanza ni ya kwenye uwazi, na yakitoka hayo mbao inapungua uzito ila haibadiliki umbo hata chembe, unaona iko sawa unafurahi unapiga misumari. Ikifika unyevu wa asilimia 28 hivi uwazi umeisha maji, sasa ukuta ndo unaanza kukauka, na ukuta ukikauka unasinyaa. Kwa hiyo fremu yako haikuharibika wiki ya sita, wiki ya sita ndo safari ya kusinyaa ilipopamba moto, tena kwa joto hili la bati bila silingi bodi.

Na haisinyai sawa kila upande, hapo ndo mchezo wenyewe. Kwa urefu wa mbao karibu hakuna. Kuelekea kiini inasinyaa kiasi. Kufuata miduara ya mti inasinyaa karibu mara mbili ya hiyo. Sasa chukua hiyo 2 kwa 6 yako angalia kichwani, utaona vipande vya miduara kama upinde. Kufuata miduara inasinyaa zaidi kuliko kuelekea kiini, hivo upinde unajinyoosha na ubao unageuka kigae, na shimo la kigae linakaa upande uliokuwa wa ganda. Nenda kaangalie sasa hivi, kama nimekosea nitumie picha nikuombe radhi hapahapa. Ubao wa sentimita 15 uliokatwa hivo unaweza kupungua milimita 5 upana toka ubichi mpaka ukavu wa nyumbani, fikiria milango minne.

Ile ya shingo ya bata ni ugonjwa mwingine, naomba uniamini hata bila kuiona. Angalia kichwa chake utakuta kiini cha mti, kile kinukta cha kahawia, kiko humohumo katikati ya ubao. Miaka ya kwanza ya paini, zile pete pana zilizozunguka kiini, ni mbao ya kitoto: mirija mifupi, kuta nyembamba, na nyuzi zinajizungusha mti mzima kama ngazi ya mnara. Mbao hiyo inasinyaa mpaka kwa urefu, kitu ambacho mbao ya mtu mzima haifanyi, na ikikauka inajisokota. Mti ukiachwa ukomae sehemu hiyo inabaki kidogo katikati. Siku hizi watu binafsi wengi wanavuna mapema, hela inahitajika, ada za watoto, sielewi nimlaumu nani, ila gogo jembamba karibu lote ni utoto.

Cha kufanya: zilizojisokota usihangaike kuzinyoosha kwa misumari, zikate ziwe vipande vya kazi fupi. Mpya chagua kichwa, kataa yenye kinukta, kwa fremu tafuta ambazo pete zimesimama wima. Zipange nyumbani kwako juu ya matofali, kila tabaka tenganisha kwa fito za unene mmoja, fito zikae mstari mmoja juu mpaka chini, kivulini penye upepo, juu weka mawe (mawe Mwanza hatukosi). Kata kipande kifupi kipime kwenye mizani ya duka kila wiki. Siku kitakapoacha kupungua uzito ndo mwite fundi, sio siku muuzaji akiapa.

*

*Fundi, mimi seremala wa mitumbwi Igombe. Mteja anataka mtumbwi wa mkaratusi mana mvule umepanda bei na haupatikani, anasema mti ni mti. Nimemkatalia ila nimeshindwa kumueleza. Pia naomba unisaidie, mvule wenyewe wakati mwingine unakula msumeno kama nakata jiwe, na nikipiga randa nawashwa na kukohoa.*

Mwenzangu wewe unajua kuliko mimi, mi nakupa maneno tu ya kumwambia mteja. Mti unapobadilisha sehemu ya katikati kuwa kiini cha rangi unafanya mambo mawili: unajaza dawa zake wenyewe kwenye kuta, na kwa miti kama mvule unaziba mirija ya maji kwa vipovu vinavyoota kutoka vyumba vya jirani. Ndo mana kiini cha mvule kinakaa majini miaka, kuvu anakutana na dawa na maji hayana njia. Lakini weupe wa mvule huohuo, ule wa pembeni chini ya ganda, hauna dawa wala hauna kizibo, ukiuweka kwenye mtumbwi unaoza kama mti wowote, kwahiyo usimkubalie mtu akuuzie mvule wenye weupe mpana kwa bei ya kiini.

Mkaratusi nao una nguvu, sibishi, mirunda yote ya maghorofa Mwanza ni yeye. Shida yake anakua amebeba mkazo ndani, nje amejivuta na katikati amejibana, siku unamkata mkazo unaachia, kichwa cha gogo kinapasuka kama nyota mbele ya macho yako. Afu anasinyaa sana. Mtumbwi unaloa na kukauka, unaloa na kukauka, pamba yako ya kalafati, ile ya kuziba nyufa, utaiongeza kila mwezi. Unajua mwenyewe chombo kilichokaa nchi kavu muda mrefu kinavyovuja siku ya kwanza na kesho yake kimekaza, kuta za mirija zinakunywa maji zinavimba, mbao zinabanana. Kwa mvule huko kuvimba na kusinyaa ni kwa adabu. Kwa mkaratusi ni fujo.

Jiwe unalokata ni jiwe kweli! Mvule unatengeneza chokaa ndani ya mbao, mara nyingi mahali ulipoumia, na linagandamana mpaka ukubwa wa ngumi au zaidi. Ukiona doa jeusi la unyevu kuzunguka kitu cheupe, zunguka kwa patasi kwanza. Vumbi la mvule linawasha ngozi na kubana kifua, funga pua kwa barakoa nzuri sio leso, na kama kifua kinabana usiku mwone daktari, usizoee.

*

*Babu fundi, mimi nasoma darasa la sita Nansio. Mwalimu alisema mbao zinaelea lakini kaka amekuja na kinyago cha mpingo nikakitia kwenye ndoo kikazama. Nani mwongo?*

Hakuna mwongo mjukuu wangu, ila umefanya kitu ambacho watu wazima wengi hawajawahi kufanya, umejaribu. Sasa nikuambie kitu cha ajabu: kuta za mirija ya miti yote duniani zina uzito uleule karibu, mara moja na nusu ya maji. Yani mti wenyewe, ukitoa hewa, unazama wote. Kinachoelea ni hewa iliyofungiwa ndani. Mpingo kuta zake ni nene na uwazi ni mdogo mno, na uwazi wenyewe umejaa utomvu mweusi mgumu, hewa haitoshi, unazama. Halafu nenda pembezoni mwa ziwa mulize mvuvi mzee kuhusu ule mti mwepesi unaoota majini, shina limevimba lina miiba miiba na maua ya njano makubwa, wataalamu wanauita ambachi. Kuta zake ni kama karatasi, hewa tupu, wavuvi walikuwa wanaufanya maboya ya nyavu kabla ya plastiki. Kipande kikubwa kama wewe unakibeba kwa mkono mmoja. Na tafuta ufukweni kijiti cha mti wa kawaida kilichokaa majini muda mrefu sana, kitie kwenye ndoo. Nadhani unajua tayari kitafanya nini na kwanini. Mwambie mwalimu taratibu, usimuaibishe.

*

*Kaka, kuna soksi na shuka zinauzwa hapa mjini zimeandikwa nyuzi za mianzi, bei mara mbili, eti zinaua bakteria. Kweli mwanzi unasokotwa uzi? Dada wa Mabatini.*

Dada, wewe umezaliwa kwenye pamba halafu unaniuliza hivi! Chukua tumba la pamba, vuta uzi mmoja, unyooshe kwenye rula: milimita 25 mpaka 30. Uzi huo ni unywele mmoja wa mbegu na karibu wote ni selulosi tupu, yani ile mali inayojenga kuta za mmea, ndo mana bibi anaweza kuusokota kwa vidole. Uzi wa mwanzi ni milimita 2 hivi. Wa paini 3. Wa mkaratusi haufiki hata 1 mara nyingi. Vimegandishwa pamoja na gundi ya mti iitwayo lignini. Hapo hakuna cha kushika usokote.

Wanachofanya kiwandani ni kuyeyusha. Mwanzi unasagwa, unapikwa kwa soda kali na dawa nyingine mpaka selulosi inakuwa uji, uji unasukumwa kwenye vitundu vidogo ndani ya asidi, unaganda unakuwa uzi mrefu. Jina lake ni viskosi au reyoni, kitambaa cha zamani sana, na ukitoka pale huwezi kujua kama ulikuwa mwanzi au paini. Hakuna kilichobaki cha mwanzi isipokuwa picha kwenye pakiti. Marekani serikali inakataza kuviita vya mianzi, mwaka 2022 maduka makubwa mawili yalitozwa mamilioni ya dola kwa kosa hilo. Soksi ni laini sikatai, inunue kwa ulaini, ila bei mara mbili ya picha ya jani mimi nisingetoa.

Urefu huohuo wa uzi ndo unaamua karatasi. Mfuko wa simenti unabeba kilo 50 na kurushwa toka kwenye fuso, mana ni karatasi ya paini, kama ile inayotengenezwa Mgololo kule Mufindi, nyuzi ndefu zimeshikana mikono. Daftari laini mara nyingi lina mkaratusi mwingi, nyuzi fupi zinajaza kila kitundu, wino haulowi ovyo, ila lichane uone linavyoachia. Mwanzi uko katikati, Wahindi na Wachina wanautengenezea karatasi toka zamani. Jaribu gazeti, lichane toka juu kwenda chini af upande mwingine. Upande mmoja linafuata mstari kama rula, mwingine linakwenda zigizaga. Nyuzi zimelala kufuata mashine ilivyokuwa inatembea.

*

*Nimekata mkaratusi shambani Buhongwa nimehesabu pete 19, mzee anasema aliupanda 2014. Pete zinadanganya?*

Kwa mkaratusi wa huku, ndio. Mti unachora pete pale unaposimama kukua, Ulaya baridi inausimamisha mara moja kwa mwaka. Hapa ziwani kuna mvua za vuli, za masika, katikati jua, na mkaratusi hauangushi majani yote, unasita na kuendelea unavyotaka. Mninga wa Tabora ni tofauti, kiangazi unabaki kijiti kitupu, pete zake unaweza kuziamini. Mnazi na mwanzi usihangaike kabisa, hazina pete mana hazina lile tabaka la kunenepesha shina. Amini mzee.

*

*Mpini wa jembe langu unavunjika kila msimu palepale karibu na tundu, nimebadilisha mti aina tatu. Mkulima, Kisesa.*

Acha kubadilisha aina, tazama nyuzi. Lowesha mpini, angalia mistari ubavuni: kama inaanza upande mmoja na kutokea upande wa pili kabla ya kufika mwisho, hapo inapotokea ndo utavunjika, hata uwe mninga. Mipini mingi ya sokoni imechongwa kutoka ubao uliopasuliwa kwa msumeno na msumeno haujali nyuzi. Tafuta mti mdogo ulionyooka au gogo ulipasue kwa shoka na kabari, shoka linafuata nyuzi lenyewe, af chonga kutoka hapo. Uache ukauke kabla ya kuutia kwenye jembe, ukiutia mbichi utalegea baada ya wiki mbili na jembe litakuchomoka likupige ugoko.